Rangi ya Bibi Eufrosina Mbele ya Kamati

Jumapili baada ya misa Valdelice aliweka beseni la bamia mapajani akaanza kuzikata. Bamia za chakula cha wafu hukatwa ndogondogo sana. Ukizikata kubwa watasema mlikuwa na haraka ya kuwaondoa. Kamba wakavu walikuwa wameshatwangwa, karanga na korosho zimeshasagwa, na chupa ya mawese ilikuwa karibu na jiko. Chumvi aliiacha kabatini. Kwetu Santo Amâncio inasemekana wafu hawali chumvi, na Valdelice hakuwa mtu wa kubishana na yanayosemekana, hasa akiwa na shida.

Shida yenyewe ilikuwa kwenye simu ya binti yake Taiane, aliyekaa upande wa pili wa meza akichambua bamia zilizokomaa.

"Hebu soma tena," Valdelice alisema.

"Mama, si nimeshakusomea."

"Soma. Labda safari hii watasema kingine."

Taiane akasoma. "'Kamati haikuona kwa mwombaji sifa za nje za mtu mweusi wala wa kahawia.'"

"Hawakuona."

"Hawakuona, mama."

"Na wote wana macho?"

"Wawili walivaa miwani."

Valdelice alikata bamia nyingine. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya kimyakimya, ile inayowafanya majirani wapunguze sauti ya redio.

Utaratibu wenyewe si mbaya, tuseme ukweli. Watu walipigania nafasi za chuo kikuu miaka mingi, wakalala kwenye ngazi za chuo mvua ikiwanyeshea, kwa sababu hapa Bahia weusi ndio wengi, lakini darasa la udaktari lilikuwa jeupe kuanzia mwalimu hadi mifupa ya kufundishia. Basi zikatengwa nafasi kwa ajili ya watoto wa shule za serikali walio weusi na wa kahawia. Hazijakaa sawasawa, watoto wa wenye mali wakagundua ghafla kwamba nao wana bibi mweusi mahali fulani. Wakaja na picha za mabibi hao, wengine kwenye fremu za dhahabu. Ndipo ikaundwa kamati. Unaingia chumbani, kamera inawashwa, unataja jina lako na rangi yako, nao wanakutazama. Mababu hawaulizwi. Kinachotazamwa ni ngozi, nywele, pua na mdomo, yaani kile ambacho mtu akikutana nawe barabarani anakiona kabla hujamwamkia.

Taiane alikuwa ameingia chumba hicho akitokea kazini. Anauza kwenye duka la dawa, na mwenye duka anataka wauzaji wake wawe na nywele za heshima, kwa hiyo zilikuwa zimenyooshwa kwa pasi asubuhi ileile. Ngozi yake ni ya kahawia isiyokolea, inayokolea mtu akipata jua; na yeye jua hulipata Jumapili tu. Taa za chumba kile zilikuwa kali. Walimtazama muda ambao ungetosha kumenya chungwa, wakamshukuru, wakamwita anayefuata.

Alikuwa ameomba udaktari wa meno. Santo Amâncio hatuna daktari wa meno. Jino likikuuma unakwenda duka la dawa, unanunua vidonge, unarudi nyumbani kulia. Taiane alisimama kwenye kaunta ile tangu amalize shule, akiwauzia vidonge watu wenye mashavu yaliyovimba, akijua kwamba anawauzia siku mbili za usingizi na si zaidi. Usiku alisoma. Alifanya mtihani akashindwa, akaufanya tena akashindwa, na mwaka huu alikuwa amepata alama. Hakuwa na ndoto nyingine ya akiba.

Rufaa inaruhusiwa moja tu. Aliyewaeleza namna ya kuiendesha ni jirani yao Bwana Claudionor, ambaye alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipostaafu, na tangu hapo hakuna kesi mtaani asiyoijua kuliko hakimu.

"Rufaa bila mashahidi ni kelele," aliwaambia akiwa ameegemea ukuta wao, kikombe cha kahawa mkononi. "Unasimama unasema mimi ni fulani. Nani anajua? Lete watu."

"Watu gani?" Valdelice aliuliza.

"Wa ukoo. Rangi ya mtoto wanaijua waliomleta."

"Ukoo wangu mimi ndiye niliyebaki, Bwana Claudionor. Wengine wote wako kule ng'ambo ya daraja."

"Sasa nani amekwambia lazima wawe hai? Kikao lini?"

"Jumatatu."

"Haya. Unataka nini tena?"

Jumatatu ni siku ya roho, mtoto mdogo wa kwetu anajua. Siku nyingine wafu wana shughuli zao, lakini Jumatatu wako huru, na ndiyo maana watu huwawashia mishumaa siku hiyo. Valdelice aliona ni bahati. Bwana Claudionor alisahau jambo moja tu, kwamba chuo si mahakama. Alikuwa amewaandaa kwa kesi ya shamba. Lakini shauri lake lilikuwa la bure, na mwenye shida hachagui fundi.

Wafu walifika Jumatatu alfajiri, kahawa ikiwa bado jikoni. Wajomba kadhaa walibaki uani, wakaanza kupekua mti wa fenesi kuona kama kuna lililoiva. Walioingia ndani ni wanawake wawili. Mmoja alikuwa Marinalva, mama yake Valdelice, katika gauni la kijivu alilozikwa nalo. Wa pili alikuwa mama yake Marinalva, Bibi Eufrosina, mfupi, mweusi sana, kitambaa kimefungwa kuzunguka taya. Alisokota sigara kubwa kiwandani maisha yake yote, akikata ncha za majani kwa meno, na jino moja kati ya hayo lilioza likamwua. Kitambaa kile alifungwa na majirani siku ya mwisho, na hakuna aliyekumbuka kumfungua.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama," Valdelice alisema.

"Marahaba," Bibi Eufrosina aliitikia. Alikaa, akavuta sahani, akaonja. "Mbona hakuna chumvi?"

"Wanasema hamli chumvi, bibi."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Waambie waje kwanza, halafu tutaongea nao."

Valdelice akaleta chumvi. Bibi alikula hadi akashiba, akifanya mambo yote upande mmoja wa mdomo. Kisha akamgeukia Taiane, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba begani.

"Na huyu?"

"Ndiye Taiane, bibi. Kitukuu chako."

Bibi Eufrosina alimshika kidevu, akamgeuza uso upande huu na upande ule kwenye mwanga wa dirisha. "Ametoka vizuri," alimwambia Marinalva. Marinalva alitazama sakafu.

Taiane na mama yake walipanda basi la kwanza. Wafu walikwenda kwa miguu, na kwa kuwa barabara ya mji mkuu huwa na foleni asubuhi, waliwatangulia. Walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa bustani ya chuo wakisubiri.

Getini vijana walikuwa wakiingia na mikoba yao bila kusimama. Mlinzi aliinua mkono Taiane alipofika.

"Dada, wa usafi mnapita kule nyuma."

"Mimi nimekuja kwenye kamati ya rufaa."

"Rufaa ya nini?"

"Ya rangi."

Mlinzi alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Naye mwenyewe alikuwa mweusi kuliko mimi. "Fungua mkoba," alisema. Akaona kitambulisho, mkate uliofungwa kwenye karatasi na chupa ya maji. Akamruhusu. Wafu aliwaacha wapite, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukagua mikoba na wao hawakuwa nayo.

Kwenye korido kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa kijana mmoja ambaye ngozi ya pua ilikuwa ikimbambuka. Alikuwa ameshinda ufukweni tangu apate jibu la kwanza.

"Inaniwasha mpaka sijui nifanyeje," alimwambia Taiane.

"Paka maji ya mshubiri," Taiane alisema. "Usikwaruze."

"Na hawa wote ni wa kwako?"

"Ni wangu."

"Una bahati," kijana alisema, na alionekana kumaanisha.

Valdelice hakukaa. Alisimama mbele ya nyanya yake, mikono kiunoni. Neno lile la asubuhi lilikuwa limemkaa kooni tangu kwenye basi.

"Bibi, ulimwambia mama kwamba ametoka vizuri. Vizuri vipi?"

Bibi Eufrosina alirekebisha kitambaa chake.

"Nilipokuwa na umri kama wa huyu," alisema, "palikuwa na nafasi ya kufunga visanduku, kazi ya kukaa, ya dirishani. Nilisokota kuliko wote. Alipewa msichana aliyekuja jana yake, mweupe, hata jani kulishika hajui. Nikasema, sawa, mimi nimeshachelewa. Nikamwambia huyu Marinalva, usiniletee mtu mweusi mlangoni. Alimleta mmoja, mpiga tarumbeta, kijana mzuri, ana adabu. Nikamfukuza na maji ya moto."

"Aliitwa Deoclécio," Marinalva alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu afike.

"Aliitwa Deoclécio. Marinalva akaolewa na yule wa rangi ya mchanga, na wewe Valdelice ukatoka ulivyotoka, na nilipokuwa nakufa nikamwapisha Marinalva akufanyie vilevile."

"Kwa hiyo Genivaldo..."

"Genivaldo mimi ndiye niliyekuchagulia," Marinalva alisema. "Ulikuwa humpendi. Nilijua."

Genivaldo alikuwa mweupe, dereva wa lori, na aliondoka Taiane hajaanza kutambaa. Walibaki hivyo, vizazi vinne kwenye korido moja, na mjomba mmoja akaomba kuonyeshwa choo kwa mazoea tu.

"Nilitaka asipite nilikopita mimi," Bibi Eufrosina alisema. "Basi. Sikujua kwamba siku moja watatengeneza mlango wa kupitia mtu kama mimi."

Katibu wa kamati, msichana mwenye orodha mkononi, alichungulia akaita jina la Taiane. Alipoona wanaosimama akatikisa kichwa.

"Jamaa hawaingii."

"Hawa si jamaa, ni mashahidi," Valdelice alisema, kama alivyofundishwa.

Katibu aliangalia kanuni. Kanuni iliwakataza jamaa, mawakili na waandishi wa habari. Kuhusu wafu haikusema kitu. Akaenda kumwita mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa Profesa Ildete, mwanamke mweusi mwenye mvi zilizokatwa fupi, mmoja wa wale waliolala kwenye ngazi zamani zile. Alipomwona Bibi Eufrosina aliinama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa Bi Zulmira, mfua nguo."

"Simjui, lakini amekulea." Bibi alimpapasa mkono. "Tunaweza kuingia?"

"Ingieni mkae ukutani, mama. Ila hamtahesabiwa."

"Tumezoea," Bibi Eufrosina alisema, wakaingia.

Wajumbe wa rufaa walikuwa watatu: Profesa Ildete, bwana mmoja wa tai, na mama wa makamo aliyekuwa na mafua. Katibu akawasha kamera. Taiane alisimama kwenye alama iliyobandikwa sakafuni, akataja jina lake kamili, akasema yeye ni mwanamke wa kahawia.

"Una la kuongeza?" Profesa Ildete aliuliza.

Alikuwa na maneno aliyoyakariri wiki nzima. Yote yalimpotea kichwani.

"Mlinzi wenu ameniona," alisema. "Leo asubuhi. Amenionyesha mlango wa wafagiaji. Wengine wote wamepita, mimi nimefunguliwa mkoba."

Bwana wa tai aliandika. "Mlinzi si mjumbe wa kamati," alisema kwa upole.

"Na mwenye duka ninakofanya kazi ameniona. Ndiyo maana anataka ninyooshe nywele. Wenzangu wawili hajawaambia."

"Huyo naye si mjumbe."

"Na hawa je?" Valdelice alisema kutoka ukutani. "Hawa hapa. Watazameni. Si mnataka kujua? Huyu ni bibi yangu, huyu ni mama yangu, wale ni wajomba. Mnataka nani tena, nimlete?"

Profesa Ildete aliweka kalamu chini. Alikuwa ameshajieleza hivi kwa watu wengi, lakini hajawahi kujieleza kwa mabibi wenyewe.

"Mama," alimwambia Bibi Eufrosina, si Valdelice. "Mimi ninakuona. Sina shaka na wewe hata kidogo. Lakini nikiufungua mlango huu kwa ajili ya bibi, kesho atakuja mtoto wa mwenye kiwanda na picha ya yaya wake, aniambie huyu ndiye bibi yangu."

"Mwenye kiwanda namjua," Bibi Eufrosina alisema. "Anaweza."

"Kwa hiyo tunatazama uso wa mwombaji. Uso peke yake."

"Mnatafuta nini hapo usoni?"

"Rangi, mama. Nywele. Pua. Mdomo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Bibi Eufrosina alisimama, akavuka chumba mpaka kwenye alama ya sakafuni. Akatemea mate kiganjani, kama alivyokuwa akilainisha jani la tumbaku, akampaka Taiane kwenye paji la uso, kwa nguvu, namna mabibi wanavyowafuta watoto uso kabla ya kuingia kanisani. Rangi ilihama. Ilishuka kutoka paji la uso kwenda mashavuni, ikajaa shingoni, ikateremka mikononi hadi kwenye vidole, nyeusi iliyokolea sawasawa. Nywele zikajikunja zenyewe na kusimama. Pua na mdomo bibi alivisogeza kidogo kwa kidole gumba. Kazi ilipokwisha Bibi Eufrosina alikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, na kitambaa chake tu ndicho kilichobaki na rangi.

Mama mwenye mafua alipenga kamasi. Katibu aliuliza kama azime kamera.

"Acha," Profesa Ildete alisema. Alimtazama Taiane muda mrefu, na machozi yalimlengalenga. Kisha akafungua kanuni kwenye ukurasa alioujua kwa moyo, akausoma kwa sauti, kwa sababu ndiyo sheria ya kikao. Kamati ya rufaa inatazama kumbukumbu ya picha ya siku ya kwanza. Mwombaji anaitwa ili athibitishe kwamba ni yeye na aseme aliyo nayo. Mwonekano wake wa siku ya rufaa hauzingatiwi.

"Kwa nini?" Valdelice aliuliza.

"Kwa sababu watu walikuwa wanakwenda kuota jua," bwana wa tai alisema.

Wakazima taa, wakatazama ukutani picha ya siku ya kwanza. Pale alisimama Taiane wa duka la dawa, nywele zimelala, taa kali zimemmeza nusu ya uso. Taiane mwingine alisimama gizani akamtazama. Kura ya kukataa rufaa ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Profesa Ildete alinyoosha wa mwisho, lakini alinyoosha.

"Pole, mwanangu," alisema taa ziliporudi. "Nakwambia kutoka moyoni."

"Mwakani nitaomba tena," Taiane alisema. "Nitakuja hivi."

Profesa Ildete alikunja kanuni. Uamuzi humfuata mtu kwa jina lake, alieleza. Akiomba mwakani, au mwaka mwingine wowote, itatazamwa picha ileile. Kipengele hicho aliwahi kukipinga na akashindwa. Nafasi ingekwenda kwa anayefuata jioni hiyohiyo.

Kwenye korido yule kijana wa pua alikuwa akiitwa. Taiane alipita bila kumwona. Alipofika kwenye ngazi za nje alikaa chini, akamshika bibi mkono, akausugua kwenye shavu lake.

"Chukua rangi yako, bibi."

"Nimekupa."

"Sikuja kutafuta rangi. Nilikuja kutafuta kiti. Chukua."

Bibi Eufrosina alijaribu. Alitema mate, akasugua, akatema tena. Haikutoka hata chembe. Mjomba mmoja akashauri mchanga, wakamwambia anyamaze.

"Basi, ndiyo imekaa," bibi alisema. Alikuwa amechoka, sauti imepungua. "Ni nzuri, mwanangu. Itazame. Haina kosa lolote. Mimi niliipiga vita miaka yote nikidhani ndiyo iliyoninyima kile kiti cha dirishani. Kumbe walioninyima walikuwa na majina, na niliyajua."

Taiane alilia hapo ngazini, kilio cha sauti, bila kujificha. Hakuna aliyemnyamazisha. Marinalva alimshika bega mpaka alipomaliza, kisha wakaondoka.

Wafu wengine walirudi kwa miguu. Bibi Eufrosina hakuweza. Miguu ilimwisha nguvu alipotoa rangi. Wakamkatia tiketi. Basi la kwenda kwetu lilikuwa limeshawashwa, na dereva alisimama mlangoni akikagua tiketi na vitambulisho, kama inavyotakiwa kwa safari za nje ya mji. Alipomwona Bibi Eufrosina alishuka.

"Bibi, karibu, karibu. Nipe mkono. Taratibu hapo." Hakumwomba kitambulisho, na ni heri, kwa maana hajawahi kuwa nacho. Akamtoa kijana mmoja kwenye kiti cha mbele karibu na dirisha, akamkalisha, akamfungulia kioo apate hewa.

Kisha akamgeukia Taiane. "Tiketi. Na kitambulisho." Alikichukua, akakitazama, akamtazama. "Huyu si wewe."

"Ni mimi."

"Dada, usinipotezee muda. Huyu wa kwenye picha mweupe."

Watu wa nyuma yake walianza kusukumana.

"Ni mwanangu," Valdelice alisema. "Nimemzaa mimi."

"Mama, nawe usinianze."

"Mwache apande," Bibi Eufrosina alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ni kitukuu changu huyo. Damu yangu."

Dereva alicheka, kicheko cha heshima. "Bibi una moyo mzuri. Wangekuwa wote kama wewe nchi hii ingekuwa mbali." Akamrudishia Taiane kitambulisho. "Haya, pita. Kwa ajili ya bibi wa watu. Lakini nenda nyuma kabisa, na usilete maneno."

Taiane alikwenda nyuma kabisa, mama yake akamfuata. Viti vya huko vilikuwa vimejaa, wakasimama. Valdelice alimshika mkono njiani kote. Mara kwa mara aliutazama ule mkono, maana ulikuwa mkono wa bibi yake aliyemlea, hadi kwenye kucha. Walipopita mashamba ya tumbaku Taiane alisema kesho itabidi awahi kufungua duka. Mama yake alimtazama uso, kisha nywele zilizosimama.

Makaburi yetu, ukitokea mji mkuu, yako kabla ya daraja, na mabasi hayasimami pale. Bibi Eufrosina alisema anashukia hapo. Dereva akazima injini katikati ya barabara, magari ya nyuma yakapiga honi, naye hakujali. Alizunguka mwenyewe hadi mlangoni, akamshika bibi kwa mikono miwili, akamshusha ngazi baada ya ngazi mpaka chini.

"Una mtu wa kukupokea, bibi?"

"Ninao."

"Shikamoo, bibi. Mungu akuweke."

Bibi Eufrosina aliishi Santo Amâncio mpaka uzee, akapita barabara ile kila siku kwenda kiwandani na kurudi, na hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kumwamkia. Alitazama nyuma ya basi, kwenye kioo cha mwisho, alipokuwa amesimama kitukuu chake mweusi, naye kitukuu akamtazama. Kisha akamwitikia dereva marahaba, kwa sababu salamu haikataliwi.